Loki ya Mwalimu Kipkosgei

Katika soko la Boito, mwaka wa tisini na sita, mtu aliambiwa jambo mara mbili na hakuna aliyeona ajabu. Wenyeji, ambao Kiswahili walikipata shuleni na kwenye mnada wa ng'ombe, hawakuona sababu kubwa ya kutenganisha k na g, wala b na p. Waliotoka upande wa ziwa nao walikuwa wameamua zamani kwamba sh ni anasa, na s inatosha kwa kazi zote. Kwa hiyo mmoja akisema, mwingine anauliza, "Umesema?" na yule wa kwanza anarudia bila kinyongo. Mazungumzo yalichukua muda mrefu zaidi kuliko kwingine, lakini watu wa Boito hawakuwa na haraka ya kumaliza kuongea.

Kwa Kepher Owiti, desturi hiyo ilikuwa neema kubwa kuliko alivyoweza kumweleza mtu. Kepher alikuwa kiziwi.

Hakuzaliwa hivyo. Alitumia miaka kumi na saba akitunza mota katika chumba cha mashine cha kiwanda kimoja cha majani chai, mahali ambapo watu wawili wakisimama bega kwa bega hupashana habari kwa vidole. Masikio yake yaliondoka kwa adabu, moja moja na bila kuaga: kwanza ndege, halafu saa ya ukutani, halafu wahubiri. Alipogundua kwamba hata mvua ya mawe inaanguka kimya juu ya mabati, alikuwa ameshaacha kiwanda na kufungua karakana yake ya umeme wa magari hapo sokoni, na ubao nje ameuandika kwa mkono wake: KEPHER WAYARINGI. Huo ulikuwa mwaka wa themanini na nane. Ubao ulibaki pale pale. Kepher naye alibaki, akitikisa kichwa pale inapofaa.

Aliyejua ni mkewe peke yake. Wilkista aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, kwenye meza iliyo mlangoni mwa karakana, na mteja alipoeleza ugonjwa wa gari lake, Wilkista alimgeukia mumewe na kuyarudia yote kwa Kijaluo, uso kwa uso, polepole. Soko lilimhukumu kuwa mwanamke anayeingilia mambo ya wanaume, tena mwenye mdomo mrefu. Aliibeba sifa hiyo miaka minane bila kujitetea hata siku moja.

Mengine Kepher aliyasoma midomoni. Kijaluo alikisoma vizuri, Kiswahili kwa kiasi, Kikipsigis kwa kubahatisha. Waliomtesa ni wenye masharubu, wanaotafuna mahindi wakiongea, na wale wanaoeleza shida wakiwa wameinama ndani ya boneti, wakiiambia injini badala ya fundi. Na gari lenyewe alilisikiliza kwa meno. Aliuma mpini wa bisibisi ndefu, ncha akaigusisha kwenye rilei au dainamo, na mlio ukapanda chuma ukaingia kichwani kupitia taya, safi kabisa. Watu walidhani ni utaalamu. Mafundi wawili wa Litein walikuja siku moja wakamtazama, na walipofika kwao wakaanza kuuma bisibisi nao, bila kujua wanasikiliza nini.

Siri hiyo haikuwa mchezo. Mtu wa Boito anaweza kumsamehe fundi ulevi, kuchelewa wiki mbili, hata kubakiwa na bolti tatu mkononi baada ya kazi kwisha. Lakini nani atampa kiziwi gari lake, chombo ambacho kila ugonjwa wake huanza kwa mlio? Kepher hakuwa na shamba wala ng'ombe huku juu. Alikuwa na karakana, watoto watatu shuleni, na umri wa miaka hamsini kasoro mmoja. Siku watu watakapojua, alijiambia kila asubuhi akifungua kufuli, ndiyo siku ya kurudi Nyakach kuvua samaki, kazi ambayo hakuijua hata kidogo.

Mwezi wa kumi mwaka huo Wilkista alikwenda matangani huko Nyakach, wiki mbili. Siku ya tatu ya safari yake, Jumatano, Mwalimu Kipkosgei akaingiza gari.

Mwalimu Kipkosgei alikuwa mkuu wa shule ya msingi, mzee wa kanisa, na mwenye masharubu. Gari lake lilikuwa saluni ya rangi ya maziwa, mfano wa themanini na tatu, alilolinunua kwa meneja wa shamba la chai aliyekuwa akirudi kwao ng'ambo. Halikuwa na nguvu mlimani na liliramba petroli, lakini lilikuwa na jambo moja ambalo hakuna gari lingine la Boito lililokuwa nalo: ukibonyeza kitufe cha mlango wa dereva, milango mingine mitatu inajifunga yenyewe, tak, kwa pamoja. Mwalimu alikuwa amefundisha miaka ishirini na saba, na hicho kilikuwa kitu cha kwanza kumtii kwa amri moja.

Sasa kilikuwa kimeasi.

"Fundi, hii loki imekuwa na kiburi," alisema. "Inajifunga yenyewe. Ukivuta kitufe juu, inarudi chini. Unavuta, inarudi."

"Umesema?"

Mwalimu akarudia.

"Na inafanya hivyo saa gapi? Kila saa?"

"Sio kila saa." Mwalimu akainua kidole, kama anayetaka darasa liandike. "Mvua ikikoma, inagoma."

Hapo ndipo kazi ilipoharibika, kabla hata bisibisi haijashikwa. Herufi k na g hutengenezwa nyuma ya mdomo, kule jicho la mtu halifiki, na ukiongeza masharubu ya mkuu wa shule, Kepher aliona tu mvua, halafu "oma" moja, halafu "oma" nyingine. Zilizobaki ilibidi ajaze mwenyewe. Angekuwa na masikio yasingemsaidia sana, maana Mwalimu mwenyewe alizitumia hizo herufi mbili kwa zamu, kila moja ikipumzika kidogo. Kepher alikuwa ameshauliza "Umesema?" mara mbili tangu Mwalimu afike, ukihesabu ya salamu. Ya tatu ingeonekana. Akajaza: mvua ikigoma, inakoma.

Yaani mvua ikikataa kunyesha, shida inaisha. Na ilileta maana kabisa. Boito mvua huja saa tisa alasiri kama mfanyakazi wa zamu, na nusu ya magonjwa ya magari ya hapo ni maji. Kepher akatikisa kichwa kwa uhakika wa daktari.

"Ni maji, Mwalimu. Yanaingia kwa mlango. Hakuna sida, uje Jumamosi."

Mwalimu alishangaa kidogo kusikia kwamba maji yanasubiri mvua iishe ndipo yaingie, lakini yeye hakuwa fundi.

Kepher aliifanya kazi hiyo vizuri sana, na hilo ndilo lililouma baadaye. Alifungua kadibodi ya ndani ya mlango, akazibua matundu ya chini yaliyojaa majani makavu, akakausha swichi ya loki kwa pumzi na kitambaa, akaivisha mfuko wa maziwa na kuufunga kwa tepu. Kisha akapandisha vioo vyote, kama atakavyofanya mtu yeyote mwenye akili, akalimwagia gari madebe sita ya maji. Milango ikatulia. Akauma bisibisi, akasikiliza. Kimya. Jumamosi Mwalimu akachukua gari lake na kumshukuru Mungu.

Yaliyotokea Jumapili, Kepher aliyapata Jumatatu kutoka kwa Chelangat, mke wa Mwalimu, ambaye alikuja na mumewe na hakumwachia nafasi ya kuanza. Chelangat alikuwa na midomo iliyo wazi na hasira iliyo wazi zaidi. Kepher hakukosa neno.

"Fundi, mama yangu amekaa kwa hiyo gari kama kuku kwa kikapu! Mama yangu! Mguu mbaya, miaka sabini na mbili, ametoka Kimulot kutusalimia. Tumefika geti ya kanisa, tak, milango yote. Saa nzima!"

"Dakika arobaini," alisema Mwalimu.

"Wewe nyamaza, wewe ulitoka kwa dirisha." Akamgeukia Kepher. "Ametoka kwa dirisha, Fundi! Na suti ya kanisa! Kichwa kwanza! Watoto wa Sande skul wamepiga makofi."

Mwalimu alitazama mlima.

"Na mama?" aliuliza Kepher.

"Mama atapita dirisha gani? Sisi tumefungua madirisha yote tuite watu, watu wamekuja, kila mtu anavuta mlango yake. Choir yote inavuta. Mpaka dereva wa lori ya majani akapita akang'oa waya ya betri, ndio tukavuta kitufe ikakaa juu. Mama amesema hapandi tena hiyo kitu. Anaenda nyumbani na miguu, na huo mguu."

Kwa Mwalimu, mtu kumfungia mama mkwe ndani ya gari mbele ya washirika wote si jambo la kufutwa kwa chai. Kulikuwa na kondoo wa kupeleka Kimulot, na maneno ya kusema akimpeleka.

"Pole sana, mama," alisema Kepher. "Mvua ilikuwa kubwa?"

"Mvua gani? Jua ilikuwa inawaka! Mvua ya alfajiri ilikuwa imeisha kitambo."

Kepher akageuka akautazama mlango wa dereva. Jua. Basi aliyoyajaza Jumatano hayakuwa aliyoambiwa.

"Mwalimu," alisema taratibu, "ile siku uliniambia inafanya saa gapi?"

"Si nilikwambia? Mvua ikikoma, inagoma."

Oma, oma.

"Umesema?"

Mwalimu akarudia. Alirudia kwa sauti ya juu, akafungua mdomo zaidi, na masharubu yakapanda na kushuka, na nyuma ya hayo yote k na g zilikaa kule kule zilikokuwa.

"Umesema?"

"Fundi, unanicheza?" Mwalimu hakuwa na ukali, alikuwa amechoka. "Kama kazi imekushinda sema tu, niende nayo Sotik. Mimi siwezi kukaa hapa nikiimba."

Mama wa nyanya aliyekuwa karibu aliacha kupanga nyanya zake. Kepher aliangalia meza tupu ya omena. Wilkista angekuwepo, angekuwa ameshageuka na kulisema hilo jambo mara moja, na yeye angekuwa ameshainama kwenye mlango. Aliweza kuliacha gari liende Sotik. Huko wangelifungua, wangeona, na Mwalimu angesema Kepher ameshindwa. Kushindwa mara moja si mwisho wa fundi. Siri ingebaki. Lakini alikuwa ameufungua mlango ule kwa mikono yake, amewaambia watu uko sawa, na bibi wa miaka sabini na mbili alikuwa akitembea na mguu mbaya kwa sababu ya herufi mbili.

Akachukua penseli iliyokuwa sikioni, kazi pekee iliyobaki kwa sikio hilo, akachana kipande cha boksi, akavinyoosha vyote kwa Mwalimu.

"Niandikie."

"Niandike nini?"

"Hiyo umesema. Sisikii, Mwalimu."

"Husikii vizuri?"

"Sisikii. Kabisa. Tangu themanini na nane."

Mwalimu Kipkosgei alishika penseli bila kuitumia. Miaka mitano alikuwa akija kwenye karakana hii, si kwa gari tu, bali kwa mazungumzo, kwa sababu Kepher alikuwa mtu pekee wa Boito asiyemkatiza.

"Hata ile siku nilikueleza habari ya shamba ya marehemu baba? Na kesi?"

"Hiyo niliona kidogo kidogo."

"Ulisema nina haki!"

"Uso yako ilikuwa ya mtu mwenye haki."

Chelangat alikuwa ameweka mkono mdomoni. "Kwani huyu mama wa omena," alisema, akauondoa mkono haraka, akasema tena huku akimtazama Kepher, "kwani Wilkista alikuwa anakusikilizia? Na sisi tunasema ana mdomo!"

Mwalimu akaandika. Aliandika kwa mwandiko wa ubaoni, ulionyooka, kila herufi imesimama peke yake, na koma mahali pake: *Mvua ikikoma, inagoma.* Kwa maandishi hakuwa na shaka na herufi yoyote. Miaka ishirini na saba alikuwa amewachapa watu kwa makosa hayo.

Kepher akasoma mara moja. Akasoma tena. Akaanza kucheka kimya kimya, mabega tu.

"Mimi niliona ikigoma, inakoma."

"Hiyo ni kitu ingine kabisa," alisema Mwalimu.

"Nimemwagia debe sita kwa hiyo kitu ingine." Akajipangusa macho. "Sasa. Mvua ikikoma, wewe unafanya nini?"

"Mimi? Sifanyi kitu. Naendesha."

"Unafungua dirisha," alisema Chelangat. "Si vioo vinajaa mvuke, huoni mbele. Kila siku ni wewe wa kwanza."

Kepher akamweka Chelangat kwenye kiti cha dereva, akafunga mlango, akauma bisibisi na kuigandamiza kwenye bati chini ya kioo. Akamfanyia ishara: zungusha, polepole. Kioo kikaanza kushuka. Robo. Chuma kikamlalamikia menoni, mkwaruzo wa kawaida wa uzee. Karibu na nusu, tak. Vitufe vinne vikazama pamoja. Akaashiria juu. Kioo kikapanda, na kitufe kikivutwa kikakaa. Chini tena. Tak.

"Basi sisi pale kanisani," alisema Chelangat polepole, akitazama mpini wa kioo mkononi mwake, "tulifungua yote."

Walivyozidi kushusha vioo waombe msaada, ndivyo walivyozidi kujifungia. Na kama mmoja katika kwaya nzima angeona baridi na kufunga dirisha la dereva, bibi angeshuka kwa miguu yake na heshima yake yote. Lakini mtu aliyefungiwa hafungi dirisha.

Ndani ya mlango Kepher aliikuta mara tu alipojua pa kutazama. Nyuma ya swichi aliyoivisha mfuko wa maziwa kwa upendo mwingi, waya moja ya kijani ilikuwa imening'inia nje ya njia yake. Fundi fulani, aliyewahi kubadilisha kioo hicho, hakuirudisha kwenye kishikizo chake. Mkono wa chuma unaoshusha kioo ulipita hapo hapo kila siku, ukaitafuna mpaka shaba ikawa uchi. Chuma kikigusa shaba, gari linaamini mwenyewe amesema funga. Kila kioo hicho kiliposhushwa, lilitii.

Alifunga kidonda kwa tepu, akakivisha kipande cha tyubu ya baiskeli, akairudisha waya kwenye kishikizo na kuikaza. Dakika kumi. Chelangat alizungusha kioo juu na chini mara kumi na mbili, na milango ikakaa kama isiyomjua.

Kabla hawajaondoka, Kepher alimshika Mwalimu mkono. "Hii maneno ya masikio, Mwalimu. Ibaki hapa."

"Fundi, mimi ni mzee wa kanisa," alisema Mwalimu, na kweli hakumwambia mtu. Chelangat hakuwa ameombwa. Alilisema kwa wema, akimtetea Wilkista mbele ya wanawake waliozoea kumsema, na kufikia Jumanne jioni soko lote lilikuwa linajua, pamoja na mama wa nyanya, ambaye aliyasikia yote mwenyewe Jumatatu.

Jumatano hakuja mtu. Alhamisi pia. Kepher alifagia karakana, akapanga fyuzi kwa rangi, akafagia tena. Watu walipita wakamwangalia kwa huruma mpya na kumpungia mikono miwili, kana kwamba alikuwa mbali. Alijua huruma hiyo. Ni ile anayopewa mtu kabla ya kazi yake kupewa mwingine. Alianza kuhesabu vitu vya kubeba kwenda Nyakach, akafika kwenye betri za zamani, akaacha.

Ijumaa asubuhi pikapu ya Rebeccah iliingia. Rebeccah alikuwa mjane mwenye kinu cha kusaga mahindi, na pikapu hiyo aliiendesha mwenyewe, kwa namna ambayo watu waliisikia kabla ya kuiona. Alishuka akasimama mbele ya Kepher, mikono kiunoni, akamkagua kama gunia.

"Wanasema husikii."

"Ni kweli, mama."

"Ile dainamo ulinitengenezea mwaka jana. Ulikuwa unasikia?"

"Hapana, mama."

"Inachaji mpaka leo." Akafikiria kidogo, kisha akavuta pumzi na kupaza sauti iliyowanyanyua njiwa juu ya paa la kinyozi. "HONI INALIA NIKIKATA KUSHOTO! NA BREKI SINA TANGU JUMAPILI! NA USIAMBIE MTU!"

Kinyozi akatoka nje na mkasi. Watu wa kituo cha kupimia majani waligeuka wote. Wanaume wawili waliokuwa wakivuka barabara mbele ya pikapu hiyo walirudi nyuma, wakasubiri upande wao.

Kepher alikuwa ameshayasoma yote midomoni mwake tangu neno la kwanza. Akachukua bisibisi na kufungua boneti.

"Mama," alisema, "usipige kelele. Haisaidii. Wewe sema tu pole pole, na uniangalie."